Mtoto wa Mbwa Anayekohoa Bila Kupona: Huenda Alizaliwa na Kinga Pungufu

Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi. Mbwa hununuliwa au huombwa kwa jirani akiwa mdogo, akafungwa uani, akalishwa ugali na dagaa, na matarajio ni kwamba mwaka ukiisha atakuwa anabwekea wageni wa usiku. Wengi hufika huko bila matatizo. Wapo wachache ambao hawafiki.

Hali huwa hivi. Mtoto wa mbwa anakula, lakini mbavu zinazidi kuonekana. Anakohoa. Akikimbia hatua chache anakaa chini akihema. Mwenyewe anakwenda duka la dawa za mifugo na kurudi na dawa ya kikohozi. Baada ya siku chache mbwa anaonekana ana nafuu, kisha kikohozi kinarudi kikiwa kibaya zaidi. Majirani wanaanza kunong'ona kuwa mbwa huyo ana kifua kikuu, wengine wanasema ana UKIMWI na atawaambukiza watoto. Mwisho anatiwa kwenye gunia na kutupwa mbali. Jike aliyemzaa anapandishwa tena na dume yule yule, na baada ya miezi michache kisa kinaanza upya katika nyumba nyingine.

Makala haya yanaeleza sababu moja ya hali hiyo ambayo haizungumzwi sana: upungufu wa kinga ambao mbwa huzaliwa nao, na ugonjwa wa mapafu unaoufuata. Ni tatizo la nadra. Hata hivyo, kulielewa kutakusaidia kwa mambo matatu: kutafuta kwanza magonjwa ya kawaida yanayotibika, kuondoa hofu isiyo na msingi nyumbani, na kutozalisha tena wazazi wanaorithisha ugonjwa huo.

KINGA YA MTOTO WA MBWA HUTOKA WAPI

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa na kinga ndogo sana. Sehemu kubwa ya kingamwili anazoanza nazo maisha huzipata kwenye dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake huweza kuzipitisha kingamwili hizo kuingia kwenye damu kwa takriban siku moja tu tangu azaliwe. Asiponyonya katika saa hizo, kwa sababu mama ni mgonjwa au ndugu zake wamemsukuma pembeni, nafasi hiyo hairudi.

Kinga hiyo ya kuazima hupungua kidogo kidogo kati ya wiki ya 6 na ya 16. Katika kipindi hicho mwili wa mtoto hujifunza kujitengenezea kinga yake: chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu, na kingamwili zinazovitambua na kuvishika. Ndiyo maana chanjo za mbwa mdogo hazichomwi mara moja zikaisha. Hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, kwa kuwa hakuna anayejua kwa hakika ni siku gani kinga ya mama imeisha na yake mwenyewe imeanza.

Mtoto wa mbwa anaweza basi kuwa na kinga dhaifu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukosa dang'a. Ya pili ni kunyang'anywa kinga baada ya kuzaliwa, na wanyang'anyi hao ni njaa, minyoo, virusi, au dawa zinazotumiwa vibaya. Ya tatu ni kuzaliwa na hitilafu kwenye jeni, ambayo aliirithi kwa wazazi. Njia mbili za mwanzo ni za kawaida kuliko ya tatu, kwa hiyo tuanze nazo.

KWANZA MAGONJWA YA KAWAIDA

Mbwa mdogo anapokohoa na kukonda, jambo la kwanza la kufikiria ni minyoo. Minyoo ya mviringo huweza kuingia kwa mtoto hata kabla hajazaliwa. Viluwiluwi vyake husafiri kupitia mapafuni, vikakoholewa na kumezwa, ndipo vikakomaa tumboni. Hapo ndipo kikohozi na kitambi hukutana kwa mbwa mmoja. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu, na dalili yake ni fizi zilizopauka. Dawa ya minyoo huanza mtoto akiwa na wiki 2 na hurudiwa kila wiki 2 hadi apite umri wa kunyonya, kisha kila mwezi kwa miezi inayofuata. Mama hupewa pia.

La pili ni distempa. Huu ni ugonjwa wa virusi unaoanza na homa, tongo, kamasi na kikohozi. Baadaye huja kuhara, na kwa wengine kutetemeka na kifafa. Hauna dawa ya kuua virusi vyake, lakini una chanjo nzuri. Nguvu ya ugonjwa huu Afrika Mashariki tuliiona mwaka 1994, pale simba takriban theluthi moja walipokufa katika hifadhi ya Serengeti, nchini Tanzania, na maradhi yakavuka hadi Maasai Mara hapa Kenya. Watafiti walihusisha virusi hivyo na mbwa wa vijijini wasiochanjwa waliozunguka hifadhi. Ikiwa mbwa wa kijijini anaweza kumfikishia simba maradhi, mbwa koko wa jaa la Mwakirunge hashindwi kumfikishia wa kwako aliyeko uani.

Distempa ina ubaya mwingine: hushambulia zile chembe za kinga zenyewe. Mbwa aliyeupata anaweza kuandamwa na magonjwa mengine ya mapafu kana kwamba alizaliwa bila kinga. Daktari anapouliza kuhusu chanjo kabla ya kuuliza jambo jingine lolote, sababu yake ni hiyo.

La tatu ni kupe. Joto na unyevu wa Pwani huwapa kupe nafasi ya kuzaana mwaka mzima. Magonjwa wanayoeneza hupunguza damu, huleta homa na kumkondesha mbwa. Si lazima alete kikohozi, lakini humdhoofisha kiasi kwamba kikohozi cha kawaida kinakuwa kikubwa.

TAHADHARI YA KICHAA CHA MBWA

Mbwa anayeonekana kama amekwamwa na mfupa kooni, anayedondokwa na mate, aliyebadilika sauti au tabia, huenda ana kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni kumtafutia mfupa. Mfungie mahali pasipo na watu na umwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Chanjo inayotolewa mapema ndiyo inayookoa.

KINGA INAPOKOSEKANA TANGU KUZALIWA

Tuseme sasa mbwa amepewa dawa ya minyoo, amechanjwa, hana kupe na anakula vizuri, lakini kila mwezi ana ugonjwa mpya: leo mapafu, kesho ngozi, kesho kutwa kuhara. Hapo ndipo daktari huanza kufikiria hitilafu ya kuzaliwa.

Mfano unaojulikana vizuri barani Afrika ulitoka Afrika Kusini. Katika miaka ya 1990, madaktari wa kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, kilichoko Onderstepoort, walikuwa wakiletewa mbwa wadogo wa aina ya Dachshund, wale warefu wa kiwiliwili na wafupi wa miguu. Walikuwa hawajafikisha mwaka mmoja. Walikuwa wamekonda, wakihema hata wakiwa wamelala, na dawa za kawaida za nimonia hazikuwasaidia. Mapafuni mwao kulikuwa na fangasi iitwayo numosistisi. Ugonjwa huo kwa mbwa ulikuwa umewahi kuelezwa nchini Australia mwaka 1972, na huko pia wagonjwa walikuwa Dachshund.

Swali lilikuwa kwa nini iwe aina hiyo ya mbwa. Mwaka 2000 daktari Remo Lobetti alichapisha jibu: mbwa hao walikuwa na kingamwili chache mno katika damu, na chembe zao za kinga hazikuitikia ipasavyo zilipochokozwa katika maabara. Fangasi haikuwa chanzo cha tatizo. Iliingia kwa sababu ilikuta mlango wazi.

Dachshund si peke yao. Nchini Uingereza mwaka 2006 ilielezwa hali inayofanana nayo kwa mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel. Kwa Basset Hound na Corgi kuna hitilafu kali zaidi ambayo huwaua madume wadogo, mara nyingi kabla ya kufikisha miezi 4. Jeni yenye kasoro hiyo ndiyo ile ile iliyomfanya David Vetter, mtoto wa Texas nchini Marekani aliyezaliwa mwaka 1971, aishi ndani ya chumba cha plastiki kisichoingia vijidudu hadi siku chache kabla ya kufariki mwaka 1984. Jack Russell nao wana aina yao ya ugonjwa huu.

Wa karibu zaidi nasi ni German Shepherd, mbwa anayependwa sana kwa ulinzi. Katika aina hii wapo wanaozaliwa na upungufu wa kingamwili zinazolinda utando wa pua, mapafu na utumbo. Wapo pia, hasa majike, ambao fangasi nyingine iitwayo aspergilasi huwasambaa mwilini wakati mbwa wengine huivuta kila siku bila kudhurika. Mwenye German Shepherd hana sababu ya kuogopa kwa ajili hiyo, kwani walio wengi ni wazima. Ana sababu ya kutopuuza maradhi yanayojirudia.

JINSI HITILAFU INAVYORITHIWA

Mtu huuliza: wazazi wote wawili ni wazima, wana nguvu na wanabweka, ugonjwa umetoka wapi? Jibu liko kwenye jeni. Kila mtoto hupokea nakala mbili za jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa magonjwa mengi ya aina hii, nakala moja nzuri hutosha kumlinda mbwa. Mwenye nakala moja mbovu haumwi, ila anaibeba.

Dume mbebaji akimpanda jike mbebaji, kila mtoto ana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupokea nakala mbovu mbili na kuugua. Chukua mfano wa mzao wa watoto 8: kwa wastani 2 wataugua, 4 watakuwa wazima lakini wabebaji, na 2 watakuwa hawana kasoro hiyo kabisa. Ukiwatazama uani wakicheza, wale 6 wazima hutawatofautisha. Ukiwauza wote na wakapandishwa wao kwa wao, umetawanya kasoro mtaa mzima.

Ule ugonjwa wa Basset Hound na Corgi hufuata njia nyingine. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya jinsia, kwa hiyo jike hubeba bila kuugua, na nusu ya watoto wake madume, kwa wastani, huugua. Mwenye jike wa namna hii huona madume wake wakifa mzao baada ya mzao na kudhani amerogwa.

Hatari hukua pale dume mmoja mwenye sura nzuri anapotumiwa kupanda majike wote wa eneo, kisha binti zake wakarudishwa kwake, au ndugu wa mzao mmoja wakapandishana kwa sababu wanaishi ua mmoja. Kasoro iliyokuwa imejificha kwa vizazi hukutana na mwenzake.

FANGASI INAYONYEMELEA MAPAFU

Numosistisi ni ya jamii moja na ukungu unaoota kwenye mkate, ingawa haionekani kwa macho. Mwanasayansi wa Brazil, Carlos Chagas, aliiona mwaka 1909 na kuidhania ni sehemu ya kijidudu kingine. Kwa miongo mingi iliwekwa katika kundi la vijidudu kama vile vya malaria. Ni mwaka 1988 tu uchunguzi wa chembe zake za urithi ulipoonyesha kwamba ni fangasi.

Husafiri kwa hewa kutoka mnyama hadi mnyama. Mwenye kinga timamu huivuta, mwili ukaidhibiti, na wala hajui kama ilipita. Asiye na kinga hushindwa kuidhibiti. Huzaana ndani ya vile vifuko vidogo vya mapafu ambamo hewa hukutana na damu, ikavijaza ute mithili ya povu. Hewa inaingia kifuani lakini haifiki kwenye damu. Ndiyo maana mbwa huyu huhema sana kuliko anavyokohoa, na mara nyingi hana homa. Mwenyewe akimgusa masikio na kuona si ya moto, hudhani hali si mbaya.

Wakazi wengi wanaujua ugonjwa huu bila kujua jina lake. Mwezi Juni mwaka 1981, taarifa ya kwanza ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI ilihusu vijana 5 wa Los Angeles waliougua nimonia ya fangasi hii. Na vidonge vya Septrin ambavyo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakipewa katika kliniki zetu, pamoja na watoto wao wachanga, vimewekwa kuzuia nimonia hii miongoni mwa magonjwa mengine. Magonjwa ya namna hii huitwa magonjwa nyemelezi: hayamshambulii mwenye nguvu, humvizia aliyedhoofika.

JE, MBWA HUYU ATATUAMBUKIZA?

Hapana. Mbwa hana virusi vya UKIMWI na hawezi kuvipata. Upungufu wa kinga tunaouzungumzia hapa aliuzaliwa nao. Hauambukizi kwa mate, damu wala pumzi, hata kwa mbwa mwenzake. Fangasi ya numosistisi nayo ina namna zake: ile ya mbwa hukaa kwa mbwa, ile ya binadamu hukaa kwa binadamu.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, mbwa mwenye kinga dhaifu hubeba minyoo na magonjwa ya ngozi kwa urahisi, na mayai ya minyoo ya mviringo yakimezwa na mtoto anayechezea mchanga yanaweza kumdhuru macho na ini. Zoa kinyesi kila siku na uwafundishe watoto kunawa mikono. La pili, kifua kikuu kinaweza kutoka kwa binadamu kwenda kwa mbwa, ingawa si jambo la kawaida. Kama yuko mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, mweleze daktari wa mifugo.

Mbwa wa kuogopwa ni yule asiyechanjwa kichaa, hata kama ana afya na hakohoi.

DAKTARI ATAFANYA NINI

Daktari atampima uzito, atasikiliza kifua, ataangalia rangi ya fizi, atachunguza kinyesi na damu. Kama kuna mashine ya eksirei, picha itaonyesha kama ugonjwa uko sehemu moja ya pafu, kama ilivyo kwa nimonia nyingi, au umetanda pande zote mbili, jinsi fangasi hii inavyofanya. Uthibitisho hupatikana kwa kuingiza maji kidogo ya chumvi safi mapafuni, kuyavuta na kuyachunguza kwa darubini au kwa kipimo cha chembe za urithi. Kwa mbwa anayehema vibaya kazi hiyo ina hatari, na daktari anaweza kuamua kuanza matibabu kwanza na kuangalia anavyoitikia.

Dawa inayotumika ni ya kundi lile lile la Septrin, kwa takriban wiki 3. Tafadhali usichukulie sentensi hiyo kama cheti. Kiasi hupimwa kwa uzito wa mbwa, na dawa hiyo inaweza kumletea mbwa madhara ya macho, viungo na damu asipofuatiliwa. Vidonge vya mgonjwa wa nyumbani si vya mbwa. Dawa za maumivu za watu pia zisitumiwe, maana baadhi yake huharibu tumbo na figo za mbwa hata kwa kiasi kidogo. Na jihadhari na sindano za kupunguza uvimbe zinazotolewa ili mbwa achangamke haraka: zile za jamii ya steroidi hushusha kinga, na kwa mbwa ambaye hana kinga huweza kummaliza zinapotumiwa bila uangalizi.

Mbwa anaweza kupona nimonia hiyo akarudi kucheza. Ile hitilafu ya kuzaliwa haiponi. Atahitaji kuangaliwa maisha yake yote, na ugonjwa unaweza kurudi. Wapo wenye mbwa wanaochagua kuendelea naye, na wapo ambao daktari atawashauri kumpumzisha kwa sindano isiyo na maumivu. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ni bora kuliko gunia. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inakataza kumtesa mnyama, na mbwa aliyetupwa akiwa mgonjwa huteseka kwa siku nyingi kabla ya kufa.

Mtoto akifa kabla ya kujulikana alichougua, usiharakishe kumzika. Mapafu yake yanaweza kutoa jibu litakalookoa ndugu zake. Usimpasue mwenyewe. Muweke kwenye chombo chenye kifuniko pamoja na barafu, asigandishwe, na umjulishe daktari siku hiyo, kwa kuwa joto letu huharibu ushahidi upesi. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iliyoko Mariakani huhudumia ukanda wa Pwani, na daktari atashauri sampuli ipelekwe huko au kwingineko.

CHANJO ISIACHWE

Kuna jambo ambalo likielezwa nusu huleta madhara, kwa hiyo tulieleze lote. Baadhi ya chanjo za mbwa, kama ile ya distempa, hutumia virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mbwa aliyezaliwa bila kinga kabisa, hata virusi hivyo dhaifu vinaweza kuleta ugonjwa. Ikiwa watoto wa mzao uliopita wa wazazi wale wale walikufa kwa maradhi yanayojirudia, mwambie daktari kabla ya sindano. Yeye ndiye atakayepanga.

Kwa mbwa wengine wote, kuacha chanjo ni hatari kubwa zaidi. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina virusi hai, na huchomwa mbwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kenya ina mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Ili maradhi yakatike, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa. Isitoshe, mbwa asiyeweza kujikinga mwenyewe hulindwa na wenzake wa mtaani waliochanjwa.

KWA WANAOZALISHA NA KUUZA MBWA

Usipandishe tena wazazi waliozaa mtoto aliyethibitika au kushukiwa kuwa na upungufu wa kinga. Kuwabadilishia wenza hakutoshi, kwa sababu wote wawili huenda ni wabebaji. Ndugu wa mzao huo wafugwe, wapendwe, walinde nyumba, lakini wahasiwe au wafungwe kizazi.

Andika daftari: tarehe ya kuzaa, dume aliyetumika, watoto wangapi walizaliwa, wangapi walikufa na kwa dalili gani, na nani alimnunua nani. Mnunuzi akikupigia simu kuwa mbwa anakohoa, usimjibu kwamba kosa ni la chakula chake. Andika. Simu ya pili kutoka kwa mnunuzi mwingine wa mzao huo huo ndiyo itakayokuonyesha tatizo. Kwa baadhi ya magonjwa haya, kama lile la Basset Hound, jeni inajulikana na inaweza kupimwa. Kwa mengi, daftari ndiyo silaha ya kwanza.

Usimtoe mtoto kwa mama kabla ya wiki 8. Na wewe mnunuzi, omba kumwona mama, uliza kuhusu mzao uliopita, na udai kadi ya chanjo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa. Mbwa anayejulikana alikotoka ni rahisi kumfuatilia ugonjwa unapotokea.

FANYA HIVI KAMA MBWA WAKO MDOGO ANAKOHOA

1. Mhesabie pumzi akiwa amelala usingizi kivulini. Mbwa mzima hupumua takriban mara 15 hadi 30 kwa dakika. Ikiwa tena na tena ni zaidi ya 40, mpeleke kwa daktari. Kuhema kwa ulimi nje wakati wa jua kali ni kawaida. Kuhema usingizini si kawaida.

2. Mpime uzito kila wiki. Simama kwenye mzani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe. Mbwa mdogo asiyeongezeka uzito kwa wiki 2 ana tatizo, hata kama anakula.

3. Mtenge na mbwa wengine hadi daktari amwone, kwani distempa na kikohozi cha kuambukizana huenea haraka.

4. Kusanya kadi ya chanjo, majina ya dawa alizopewa na tarehe zake. Beba na kinyesi kibichi kidogo kwenye chombo safi.

5. Nenda kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, au uulize katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yako.

6. Uliza habari za ndugu zake. Kama nao wanaugua, sema mapema.

7. Mlaze mahali pakavu penye hewa, umfunge mbali na moshi wa jiko, na usimpe unga au mabaki yaliyoota ukungu.

Mtoto wa mbwa akikohoa, uwezekano mkubwa ni kwamba ana minyoo au hakuchanjwa, na hayo yanarekebishika. Ikithibitika kwamba alizaliwa na kinga pungufu, hakuna aliyekosea kwa kumfuga. Kosa litakuwa kuwapandisha tena wazazi wake huku tukijua.